Kichupa Kilichorudishwa Kwenye Friza

Wifi yangu Albina hajawahi kutupa kitu. Nalisema hili kabla ya lingine lolote, kwa sababu wanaomsema mjini Sumbawanga siku hizi hawajui walisemalo. Wako wanaodai alimlisha kaka yake sumu. Wako wengine, wale wenye midomo mirefu wa mtaa wa Kizwite, wanaosema alikuwa akitunza viungo vya watu kwenye friza. Upuuzi mtupu. Mimi Avelina, mke wa marehemu Yusto, ndiye niliyemchukia Albina kuliko wote hao, na chuki ile ilikuwa yangu, sikumgawia mtu.

Wamezaliwa kijijini Msanzi, Yusto na Albina, watoto wa mzee Kasimiri na mama Bertilla. Yusto mkubwa, Albina anamfuata, na nyuma yao kulikuwa na kitinda mimba aliyeitwa Isdori. Mwaka mmoja mvua ilikatika mwezi wa pili. Mahindi yakakauka yakiwa magotini. Ndani ya nyumba kulikuwa na debe la ulezi wa mbegu, na mama Bertilla akakataa lisiguswe. Watoto walilala na njaa, debe liko pale kwenye kona wanaliona. Isdori hakuumaliza mwezi wa nne. Msimu uliofuata ule ulezi ukapandwa, na nyumba nzima ikaishi kwa sababu yake. Mama mkwe wangu mpaka anazeeka alikuwa akisema "akiba haiozi", na akilisema hakumtazama mtu usoni.

Kwa hiyo Albina alikua na sheria moja. Ukimaliza kupanda, kilichobaki kwenye bakuli kinarudi kihengeni, hata kama ni kiganja kimoja. Sabuni alikuwa akiikata kwa uzi ili isitoe unga. Karatasi ya sukari anaikunja anaiweka chini ya godoro. Alipoajiriwa maabara akaanza kufua zile glovu za mpira na kuzianika kwenye kamba nyuma ya nyumba. Nikamtania, "Wifi, mikono ya nani hiyo umeanika?" Akacheka mpaka akakaa chini. Alikuwa na kicheko kizuri, Albina. Siwezi kukumbuka mara ya mwisho kukisikia.

Aliishi na sisi pale mtaa wa Chanji, chumba cha uani. Hakuolewa. Alisomea utaalamu wa maabara, cheti tu, lakini mikono yake ilikuwa tulivu, akishika kitu hakitikisiki. Mwaka 2022 akapata kazi kwenye mradi mmoja wa utafiti wa mitishamba, nyumba ya kupanga yenye vyumba vitatu na jenereta. Mkuu wake alikuwa Daktari Nsajigwa, Mnyakyusa wa Tukuyu, mtu mpole, ambaye siku nyingi za mwezi alikuwa Mbeya.

Sasa lazima niseme kuhusu ugonjwa wa mume wangu, vinginevyo hutaelewa kwa nini ile kazi iliingia nyumbani kwangu.

Yusto alikuwa na kansa ya damu, ile inayokwenda taratibu. Ilijulikana mwaka 2018, bandama lilipovimba mpaka mkanda haufungi. Hospitali kubwa ya Dar wakampa vidonge, kimoja kwa siku baada ya kula, na vidonge vile vilimrudisha mume wangu duniani. Akalima, akajenga choo, akagombana na majirani, mtu mzima kabisa. Lakini kila miezi mitatu alitakiwa arudi Dar kupimwa na kuchukua vingine. Siku mbili kwenda, siku mbili kurudi. Na vidonge vyenyewe vilimpa mkakamao wa misuli ya miguu na kumvimbisha macho asubuhi. Alikuwa amechoka. Hakusema, ila nilikuwa nikimwona akiitazama kalenda.

Albina ndiye aliyetueleza kidonge kinafanya nini. "Ndani ya mwili kuna protini zinaitwa kinase," alisema. "Kazi yao ni kuamrisha. Zinaiambia damu, zaa, kisha zinanyamaza. Ya kaka imeharibika, hainyamazi. Kidonge kinaiziba mdomo." Yusto akasema basi hiyo protini imeumbwa na ulimi wa Avelina. Tukacheka.

Na hiyo ndiyo protini iliyokuwa kwenye friza lao. Ya binadamu, ndiyo, lakini haikukatwa kwa binadamu yeyote. Wataalamu wa ng'ambo wanachukua maelekezo ya kuitengeneza, yale yaliyomo kwenye mwili wa mtu, wanayatia kwenye chembe za wadudu, na chembe hizo ndizo zinazoitengeneza ndani ya matangi. Wanaisafisha, wanaigandisha, wanaiuzia maabara. Ilikuja Sumbawanga kwenye boksi lenye barafu kavu inayofuka moshi, ndani yake vichupa vya ukubwa wa kifundo cha kidole. Kazi ya Albina ilikuwa kuichanganya na maji ya mizizi, kwenye sahani yenye vishimo vidogo, kisha mashine inasoma mwanga. Protini ikifanya kazi, mwanga unawaka. Ikizibwa mdomo, mwanga unafifia. Kwa hiyo walikuwa wanatafuta mzizi unaozima mwanga.

Daktari alimpa masharti mawili. La kwanza, kichupa kikishayeyushwa kinatumika mara moja, kilichobaki unatupa, maana ukikigandisha tena protini inakufa kidogo, na kila ukirudia inakufa zaidi. La pili, kila siku ya kipimo kishimo kimoja kiwe na protini peke yake bila mzizi wowote, ili ujue bado iko hai. Albina akapiga makofi mawili, kama tunavyomwitikia mkubwa, akasema, "Nimesikia, daktari."

Alisikia kweli. Lakini kichupa kimeyeyushwa, limechukuliwa tone moja, kimebaki zaidi ya nusu. Kimetoka ng'ambo na ndege. Mtoto wa mama Bertilla akitupe? Mkono haukutii. Akakifunika, akakirudisha kwenye friza kama mtu anavyorudisha ulezi kihengeni. Wiki iliyofuata akakitoa tena. Na kile kishimo cha protini peke yake, akaona ni hasara tupu, kuichoma protini nzima bila kuipima na chochote. Akampigia daktari simu: lazima kila mara? Daktari alikuwa kwenye kikao. Akasema, kwa sasa linganisha na namba ya kishimo hicho ya siku ya kwanza. Hilo daktari mwenyewe amelikiri mbele yangu, simsingizii.

Kulikuwa na mzizi mmoja, jina lake silitaji, maana najua wapo watakaokwenda kuuchimba. Mwezi wa tano 2023 Albina aliupima, mwanga ukapungua kidogo. Mwezi wa sita ukafika nusu. Mwezi wa nane ukabaki kama kaa linalozimika. Kila mara alikuwa akichimba mizizi mipya upande wa Msanzi. Na kwetu Ufipa hata mtoto anajua kwamba mzizi wa kiangazi ndio mzizi: mvua ikiondoka, nguvu ya mti inashuka chini. Kwa hiyo hakushangaa. Aliona kitu alichofundishwa na baba yake kinathibitishwa na mashine. Daktari naye alifurahi, akaandika, lakini akamwonya asimpe mtu yeyote, hiki ni kipimo cha kwenye sahani tu.

Mwisho wa mwezi wa nane, tukiwa tunakula, Albina aliweka chini tonge lake.

"Kaka," akasema, "mzizi wa mwezi huu umeizima kabisa. Sijawahi kuona kitu kama hiki."

"Umeizima kwenye sahani," nikasema mimi. "Yusto si sahani."

Yusto akauliza, "Ni protini yangu hiyo? Yangu hasa?"

"Ni ya aina ileile inayokusumbua."

Yusto akaitazama kalenda ukutani. Safari ya Dar ilikuwa imebaki wiki mbili. Akasema, "Safari hii tuache. Tujaribu miezi mitatu." Dada yake akainamisha kichwa, hakukataa. Mimi nilikataa, Mungu ni shahidi. Kisha asubuhi yake nikabandika sufuria nikachemsha mzizi. Siku zote tisini na zaidi, mimi ndiye niliyechemsha, nikachuja kwa kitambaa safi, nikampa kikombe kikiwa vuguvugu. Alikuwa mume wangu, ameomba. Ungefanyaje?

Na mwanzoni alipendeza. Macho hayavimbi, mkakamao umekwisha. Kumbe yale ni madhara ya vidonge, na alipoacha vidonge yakaondoka, basi. Sisi tukaona uponyaji. Mwezi wa kumi nilikuwa nawasifia hata majirani, mimi huyuhuyu niliyesema Yusto si sahani. Mwezi wa kumi na moja akaanza kulowa jasho, shuka nakamua. Mkanda ukaanza kukataa kufunga. Nikaogopa, nikamwambia twende hospitali, naye akasema mzizi unafanya kazi, unatoa uchafu. Nikaongeza mzizi kwenye sufuria.

Ijumaa tarehe nane Desemba, Daktari Nsajigwa alikuja kutoka Mbeya na boksi jipya la protini, akasema kabla hawajatangaza lolote arudie kipimo kwa mkono wake. Akayeyusha kichupa kipya, akaweka na ule mzizi. Mwanga ukawaka wote, mzizi haukuzuia chochote. Akakiomba kile kichupa cha zamani, akakipima peke yake bila mzizi. Giza. Protini ya zamani ilikuwa imekufa siku nyingi, na mzizi ulikuwa ukisifiwa kwa kuua maiti. Daktari alitazama kile kichupa, kina alama kumi na moja za kalamu kwenye kifuniko, maana Albina alikuwa anaweka alama kila anapokitoa. Mwaminifu mpaka kwenye kosa. Daktari anasema Albina hakulia, aliuliza tu kama anaweza kutoka mapema.

Siku hiyo alirudi nyumbani akiwa na uso wa majivu. Nikamuuliza, "Wifi, unaumwa?" Akasema kichwa. Akaingia kwa Yusto kumsalimia, akafunga mlango, akatoka. Jumamosi hakusema kitu. Wiki nzima hakusema kitu. Mimi nachemsha, yeye anapita karibu na jiko langu anaona nachemsha, anapita.

Jumapili tarehe kumi na saba Yusto alianguka mlangoni mwa kanisa. Hospitali, daktari wa zamu akauliza mgonjwa anatumia dawa gani, na hapo ndipo Albina akafungua mdomo, kwenye korido, watu wanapita na mabeseni. Akaeleza yote: kichupa, friza, alama kumi na moja, ile Ijumaa. Nikahesabu kwa vidole mbele yake. Siku tisa. Nikamwambia, "Umejua siku tisa?" Akasema, "Ndiyo, wifi."

Nyumbani nilichukua chupa ya vidonge iliyokuwa imefunguliwa, tukamwanzishia upya. Nilikumbuka kulikuwa na nyingine, mpya, haijakatwa utepe. Nikamuuliza Yusto. Akasema alimpa mgonjwa mwenzake wa Kabwe mwenye ugonjwa kama wake. Nikaamini, alikuwa mtu wa kutoa. Kabla ya Krismasi tulikuwa Dar. Madaktari wakasema ugonjwa umegeuka, hauendi tena taratibu, na kidonge kile haukisikii. Alikufa tarehe mbili Februari. Tulimzika Msanzi, tope mpaka kwenye vifundo vya miguu.

Kosa nilimsamehe Albina. Nataka hilo lieleweke. Aliyekulia kwenye nyumba ile asingeweza kutupa kile kichupa, nami naijua nyumba ile. Zile siku tisa ndizo zilizonishinda. Nilijiambia kwamba zile siku tisa zingetosha, kwamba kama angesema Ijumaa tungekimbia Dar na ugonjwa usingegeuka. Hakuna daktari aliyeniambia hivyo. Nilijiambia mwenyewe, nikashiba hilo mwaka mzima.

Siku ya arobaini ndugu walikaa kugawana nguo za marehemu. Baba mdogo Polikarp, aliyekuwa msemaji wa ukoo, akasema lile koti zito la Yusto apewe dada yake. Nikasimama. Nikasema mbele ya ukoo wote, "Aliyekula siku tisa za mume wangu hapewi na koti lake." Mzee Polikarp akaniambia, "Mama, kaa." Sikukaa. Nikalichukua koti nikaliweka kwenye sanduku langu. Albina alikuwa ameketi mkekani, mikono mapajani, akaniangalia, akaangalia chini. Akahama Chanji wiki hiyo. Kazi aliiacha, ingawa daktari alimsihi abaki, akarudi Msanzi kulima shamba la baba yake. Nilipokuwa nikikutana naye kwenye misa za ndugu, sikumpa mkono. Watoto wangu niliwakataza wasimwite shangazi. Hasira yangu nilimpa yote, na kwa kitu hicho sikuwa na ubahili.

Mwaka huu mwezi wa sita baridi ilikuja na meno. Mimi huondoka alfajiri kupeleka maharage sokoni, na siku hiyo upepo ulikuwa unapenya mpaka kwenye mifupa. Nikasema, koti linaliwa na nondo na mimi nakufa na baridi, kwa faida ya nani? Nikalitoa sandukuni, nikalivaa. Ubavuni nikahisi kitu kigumu.

Mfuko wa ndani. Nikaingiza mkono, nikatoa chupa ya vidonge. Ile mpya, ile aliyosema amempa mtu wa Kabwe. Utepe umekatwa. Ndani, juu ya vidonge, alikuwa ameshindilia kipande cha kitambaa ili visilie anapotembea. Kilikuwa kipande cha kitambaa changu cha kuchujia mzizi.

Karatasi ya chupa imeandikwa vidonge thelathini. Nikavimwaga kitandani, nikahesabu. Ishirini na moja. Nikahesabu tena, nikakaa. Tangu ile Ijumaa ya tarehe nane mpaka Jumamosi ya kuamkia kuanguka kwake ni siku tisa, na kidonge ni kimoja kwa siku. Albina alipoingia kwa kaka yake na kufunga mlango, alimwambia. Yusto alijua siku ileile, akaanza kumeza siku ileile, kwa siri. Na kila asubuhi akaendelea kupokea kikombe changu mkononi, akanywa, akasema asante.

Maharage sikuyapeleka. Nilipanda gari la kwanza la kwenda Msanzi.

Nilimkuta Albina kwenye uwanja wa kupuria. Ulezi wenyewe alikuwa ameshausomba, sasa amechuchumaa anaokota punje zilizorukia kwenye majani, mojamoja, anazitia kwenye kibakuli. Amekonda. Aliponiona na lile koti alisimama haraka, nafikiri alidhani nimekuja kumpiga.

"Karibu, wifi," akasema.

Nikamwekea chupa kiganjani. Akaitazama, na hakuuliza ni nini.

"Ulimwambia lini?"

"Ijumaa ileile."

"Akasema nini?"

Akakiweka kile kibakuli chini vizuri kisimwagike.

"Alisema ataanza kumeza leo hiihii. Na kwamba akipona, sufuria la Avelina lisitajwe kamwe."

"Na asipopona?"

"Asipopona, niseme ni mimi niliyenyamaza, lawama zije kwangu."

Nilikuwa na maneno ya mwaka mzima na zaidi, yote nimemwambia yeye, mbele ya wazee, mbele ya wanangu, na yeye alikuwa na jibu kifuani akalikalia. Nikakaa kwenye makapi ya ulezi, nikalia kwa sauti kama siku ya msiba. Albina alikaa kando yangu. Hakunigusa mpaka nilipomshika mimi.

Baadaye nilimvika koti. Mikono yake ilipotelea ndani ya ile ya koti, akaikunja mara mbili. Kisha akaifungua ile chupa, akavitazama vidonge, akakirudisha kile kitambaa juu yake, akafunika.

"Hivi vitupe, wifi," akasema. "Vimekaa sana. Havifai tena."

Kwa miaka yote niliyomjua, sikuwahi kumsikia akiniambia nitupe kitu. Nikasema nitavitupa. Nimerudi navyo Chanji, na mpaka leo viko juu ya kabati, karibu na sufuria.